Maiki gani za kunasa sauti ya kompyuta kubwa? (ukumbi wa seva, na mashine za zamani)

Nasa_Mlio

Wakuu salaam. Naomba ushauri kabla sijaazima vifaa.

Kuna ruhusa ya kukaa kwa muda wa saa tatu ndani ya ukumbi wa seva. Raki (makabati ya seva) 40 hivi, safu nne, sakafu ya kunyanyuliwa, hewa ya baridi inatoka chini kupitia vigae vyenye matundu. Kazi yenyewe ni ya aina mbili: sauti za mchezo wa redio, na kipande kirefu cha kuchezwa kwenye spika nne za maonyesho.

Vifaa vilivyopo: rekoda Zoom F3, jozi ya kondensa ndogo zenye vichwa vya kubadilisha (kadioidi, inayosikia zaidi mbele, na omni, inayosikia pande zote), SM57 mbili (maiki za jukwaani), na maiki ya mtutu, ile ndefu ya kamera. Naweza kuongeza kitu kimoja au viwili vya bei ya kawaida.

Jaribio la simu limetoa shhhhh tu, kama mvua kwenye bati. Msikilizaji atadhani ni kiyoyozi. Nataka ajue kuna mashine inafanya kazi. Ninunue maiki gani? Na nipange vipi stereo?

FundiMawimbi

Hiyo shhhhh si kosa la simu. Ndiyo sauti ya ukumbi ukisimama katikati yake: mamia ya feni, kila moja na mwendo wake, zimechanganyika hewani mpaka hakuna inayosikika peke yake. Ukienda na maiki ya bei mara kumi utarudi na shhhhh safi zaidi. Amua kwanza unashika nini: hewa, bati, au sumaku. Kila kimoja kina chombo chake.

Hewa kwanza, kwa kuwa maiki unazo tayari.

Ukumbi wa hivyo huwa kama 80 hadi 90 dBA (kipimo cha ukubwa wa sauti), na nyuma ya raki zilizojaa seva nyembamba za 1U unapanda zaidi. Kwa hiyo kelele ya ndani ya maiki, ile namba inayoandikwa kwenye boksi kwa mbwembwe, hapa haina kazi. Maiki ya 20 dBA na ya 7 dBA hutazitofautisha. Usitie pesa huko.

Kinachoharibu kazi ni upepo. Upande wa joto, nyuma ya raki, hewa inatoka kwa kasi na kupiga kichwa cha maiki moja kwa moja. Kadioidi inafanya kazi kwa tofauti ya shinikizo mbele na nyuma, na hilo ndilo hasa upepo unalolichezea. Isitoshe, ukiisogeza karibu besi inapanda, na besi iliyopo hapo ni mngurumo wa upepo mtupu. Funga vichwa vya omni. Omni inavumilia upepo zaidi na besi yake haivimbi kwa ukaribu.

Kichujio cha 80 Hz kwenye rekoda kinasaidia masikio, hakiokoi kichwa cha maiki kilichokwisha zidiwa na upepo. Na 32-bit float ya F3 ni hivyo hivyo: inakusamehe kwenye kiwango cha kurekodi. Maiki yenyewe ikishagonga ukuta, hakuna namba ya baadaye itakayorudisha wimbi.

Kinga: koti la manyoya la maiki pengine watalikataa mlangoni, na wana haki. Nyuzi zinazodondoka zinafyonzwa na feni, na vihisi moshi vya kufyonza hewa havipendi vumbi. Sponji kuukuu inayomomonyoka nayo iache. Tengeneza kikapu cha waya chenye kipenyo cha sentimita 10 hivi, kivishe soksi ndefu ya nailoni ya kike tabaka mbili, maiki ikae katikati bila kugusa kitambaa, ikiwa na sponji yake mpya ndani. Hewa iliyotulia kati ya soksi na sponji ndiyo inayofanya kazi.

Sasa mahali pa kuweka. Feni ndogo ya 40 mm ikizunguka mara 12,000 kwa dakika ni mizunguko 200 kwa sekunde. Ikiwa na mapanga 7, mluzi wake uko 1,400 Hz. Wimbi la 1,400 Hz lina urefu wa sentimita 24.5, na kwenye chumba chenye kuta za bati sauti hiyo inajirudia na kujenga vilima na mabonde. Kutoka kilima hadi bonde ni robo ya wimbi, yaani kama sentimita 6. Kwa hiyo usisimamishe stendi kwanza. Shika maiki mkononi, rekoda ikiwa hai, isogeze taratibu mbele ya raki kama unayetafuta redio kwa kuzungusha kitufe. Utasikia miluzi ikiingia na kutoka. Ukipata mahali feni mbili jirani zinapogombana, simama. Moja ikizunguka mara 12,000 na nyingine 12,060, miluzi yao inaachana kwa 7 Hz, na unapata mtetemo wa mara saba kwa sekunde. Huo ndio unaomwambia msikilizaji kwamba hapa kuna mashine.

Stereo: omni mbili, sentimita 40 hadi 60 kati yao, kwa sauti ya ukumbi mzima. Ni tamu kwenye maonyesho. Kwa redio, sikiliza pia zikiunganishwa kuwa mono, kwa sababu miluzi mingine itafutana. Ikikusumbua, weka kadioidi kwa mtindo wa ORTF (sentimita 17, nyuzi 110) upande wa baridi, mbali kidogo na matundu ya sakafu.

Maiki ya mtutu iache nyumbani. Mtutu wa sentimita 25 unaanza kuchagua mwelekeo vizuri juu ya 1 kHz na kitu, chini ya hapo ni maiki ya kawaida yenye pua ndefu. Na chumba chenye mwangwi pande zote kinaubatilisha hata huko juu.

Kiberiti_99

Mimi ningeazima kondensa kubwa ya studio, ile ya waimbaji. Besi yake tamu, inaleta ukubwa wa mashine.

FundiMawimbi

@Kiberiti_99 besi hiyo tamu ni ya koo la mtu kwenye chumba kimya. Pale ukumbini itakuletea upepo. Tena kichwa kikubwa ndicho rahisi zaidi kupeperushwa. Ukubwa wa mashine utaupata kwenye bati, na hapo namwachia FundiKoili.

FundiKoili

Nimeitwa, nimekuja.

@Nasa_Mlio kwa vitu viwili vya kuongeza, chukua piezo (kisahani kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) na koili (waya uliozungushwa, unaoshika sumaku). Vyote kwa pamoja havifiki bei ya kebo nzuri, na ndivyo vitakavyokutoa kwenye shhhhh.

Piezo. Nunua vile visahani vya shaba vya 27 mm, vinauzwa kama vipuri vya king'ora. Nunua sita, utaharibu viwili. Kosa la watu wengi ni kuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki, halafu wanalalamika kuwa piezo ina sauti ya kopo. Fanya hesabu: kisahani cha 27 mm kina kapasita (uwezo wa kutunza chaji) ya kama 20 nF. Tundu la maiki lina impidansi (ukinzani kwa sauti inayoingia) ya kama 2 kΩ. Vikikutana, kila kilicho chini ya 4 kHz kinaanza kukatwa. Mngurumo wote umekwenda! Kwenye 10 kΩ mkato unashuka hadi 800 Hz, bado haitoshi. Kwenye 1 MΩ unashuka hadi 8 Hz, na hapo ndipo piezo inaonyesha ilivyo. Kwa hiyo lazima DI boksi hai (kisanduku kinachokaa kati ya piezo na rekoda) yenye tundu la 1 MΩ, ile ya gitaa. F3 ina fantomu ya 48 V (umeme unaopita kwenye kebo ya maiki), itaiwasha bila shida.

Kuiandaa: waya mfupi wenye ngao (tabaka la chuma linaloufunika), usizidi nusu mita kufika kwenye DI, kwa sababu kila mita ya kebo inaongeza kapasita na kupunguza sauti. Risasi iguswe haraka sana kwenye duara jeupe la katikati. Ukishikilia kichomeleo sekunde tatu rangi hiyo inabanduka. Kisha funika upande wa mbele kwa tepu ya umeme, juu yake karatasi ya shaba iliyounganishwa na ngao ya kebo. Bila ngao piezo inakuwa antena ya mngurumo wa umeme wa 50 Hz.

Hili watu hulisahau: mgongo wa kisahani ni shaba tupu na umeunganishwa na ngao. Ukiubandika kwenye bati la raki, ambalo limeungwa na athi (waya wa ardhini) ya jengo, umetengeneza njia ya pili ya athi na unapata uuuuu wa nguvu. Weka tabaka moja la tepu nyembamba kati ya kisahani na bati. Tepu nene au udongo wa kubandikia picha unakula sauti za juu. Tepu ya pande mbili iliyo nyembamba, au sumaku ndogo bapa inayokibana kisahani, inatosha. Gundi usiitaje hata kwa utani mbele ya wenye ukumbi.

Pa kubandika, kwa mpangilio wa utamu:

Kishikio cha trei ya diski ngumu. Diski ya 7,200 inakupa 120 Hz safi, na juu yake mikwaruzo ya kichwa kikitafuta data. Hiyo mikwaruzo ndiyo kompyuta inayofikiri, kwa masikio ya mtu wa kawaida. Lakini uliza mapema raki ipi ina diski za kuzunguka. Ikiwa zote ni SSD hakuna kinachotembea humo.

Mlango wa nyuma wa raki, kona ya chini. Bati linaimba lenyewe.

Mguu wa sakafu ya kunyanyuliwa, au bomba la kiyoyozi kikubwa. Hapo ndipo ulipo ule "ukubwa" wa Kiberiti.

Usibandike kwenye seva iliyo kazini bila mwenyewe kuwepo. Na usipige makofi ya kulinganisha rekodi karibu na diski! Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, akiwa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems, alirekodi video akizipigia kelele diski, na kwenye grafu ucheleweshaji ukaruka papo hapo. Mtetemo unakitoa kichwa kwenye mstari wake.

Koili nitaandika baadaye kidogo, niko kwenye simu.

Nasa_Mlio

Asante sana wakuu. Maswali mawili ya haraka: umeme wa rekoda nichukue pale kwenye raki? Na nisikilizeje, maana kwa kelele ile hedifoni zitanisaidia nini?

FundiMawimbi

Umeme wa raki hapana. Kwanza watakukatalia, pili ndiyo njia rahisi ya kujiletea mngurumo. F3 inatumia betri mbili za AA. Nenda na jozi kadhaa, fantomu inazila haraka.

Kusikiliza: vaa vidude vya masikioni vinavyoziba vizuri, juu yake vaa vizibo vya kiwandani. Hedifoni za kawaida hazizuii vya kutosha, utajikuta unahukumu sauti inayopenya pembeni. Tena unalinda masikio. Kwa kipimo cha NIOSH (taasisi ya Marekani ya usalama kazini), 85 dBA ni saa 8, na kila ikiongezeka 3 dB muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1. Nyuma ya raki za 1U saa zako tatu huenda ni nyingi mno bila vizibo.

Simu izime kabisa, usiiweke kimya tu. Mtandao wa 2G unatoa ile drrr-drrr ya 217 Hz na piezo itaipokea kama mgeni rasmi.

Na omba jambo moja: seva ya majaribio, isiyo kazini, izimwe na kuwashwa. Sekunde za kwanza feni zote hukimbia kwa kasi ya mwisho kabla ya kutulia. Rekodi mara tatu: omni mbele, omni nyuma, piezo kwenye kifuniko. Kipande hicho kimoja kitabeba mchezo wako wa redio.

FundiKoili

Narudi kwenye koili.

Maiki ya hewa inasikia feni, koili inasikia mashine. Inashika sumaku inayobadilika kuzunguka vifaa vya umeme, na hewa haiisikii kabisa. Unaweza kupiga kelele pembeni, rekodi isijue.

Njia rahisi ni kile kikoili cha kunyonya kilichokuwa kinabandikwa nyuma ya simu ya mezani, chenye pini ya 3.5 mm. Njia bora kwa pesa kidogo: relei (swichi za sumaku) mbili za 24 V zilizokufa, za aina moja. Toa kifuniko na ulimi wake, bakiza koili na chuma cha katikati. Ziweke bega kwa bega, ziunge kwa mfuatano lakini moja kinyume. Mngurumo wa 50 Hz unaotoka mbali unazifikia zote mbili sawa, kwa hiyo unajifuta. Kitu kilicho karibu na koili moja hakifutiki. Ncha mbili ziende pini 2 na 3 za XLR (plagi ya maiki), ngao pini 1. Zima fantomu kwenye chaneli hiyo.

Unachokipata: karibu na UPS (betri za akiba) na transfoma, 50 Hz na ukoo wake wote wa 150, 250, 350. Kinatisha kidogo na kinachosha haraka, sekunde 20 zinatosha. Karibu na kadi za kuchakata zenye kazi nzito, miluzi inayopanda na kushuka kazi inavyobadilika. Mwombe msimamizi aanzishe na kusitisha kazi kwenye mashine ya majaribio huku ukirekodi. Karibu na swichi za mtandao, vijimlio vya haraka kama panzi.

Rekodi koili kwa 96 kHz au 192 kHz, F3 inaweza. Feni nyingi za waya nne zinaamrishwa kwa mapigo ya 25 kHz, sikio halisikii. Ukiwa na faili ya 96 kHz, ipunguze mwendo nusu, na mapigo hayo yanaanguka 12.5 kHz. Yapunguze tena nusu yafike 6.25, pale panapoanza kuwa muziki.

Nahadharisha kuhusu SM57 zako: ndani zina koili na transfoma. Ukiziweka karibu na kisanduku cha umeme wa seva zinakuwa koili mbovu na maiki mbovu kwa wakati mmoja. Maiki kama RE20 ina koili ya kufuta mngurumo, SM57 haina. Kwa hewa tumia kondensa zako.

Kama una rekoda mbili na unataka kuzilinganisha: chukua kidude kimoja cha sikioni cha bei rahisi, cheza tiki moja, kiweke kati ya maiki na koili. Spika yake ndogo inatoa sauti na sumaku kwa pamoja, kwa hiyo vyombo vyote viwili vinaiona tiki ileile. Hakuna makofi, diski zinabaki salama.

Mbuyu_MK

Mada nzuri. Niko Milton Keynes, jirani na The National Museum of Computing, makumbusho ya kompyuta pale Bletchley, Uingereza. Je, ushauri huu unafaa kwa mashine za zamani, mfano ile Harwell Dekatron inayoitwa WITCH?

FundiMawimbi

Sehemu ndogo tu, ndugu. WITCH ni mnyama wa aina nyingine: relei 480, mirija 828 ya dekatron (ya kuhesabia), tani 2.5, na kuzidisha namba mbili kunamchukua sekunde 5 hadi 10. Haina ukuta wa feni. Sauti yake ni matukio: relei zinapiga ka-chak, kimya, kisoma tepu ya karatasi kinakwaruza, kimya. Kwa hiyo mambo yanageuka.

Kelele ya ndani ya maiki sasa ina maana, kwa sababu kuna vimya vya kujaza. Chukua kondensa ndogo za 15 dBA au chini. Ziweke nusu mita kutoka uso wa mashine, sentimita 60 kati yao, kwa sababu relei zimetawanyika na msikilizaji atafurahia hesabu ikitembea kutoka kushoto kwenda kulia. Kiwango acha 20 dB za nafasi juu ya wastani: mpigo wa relei ni mfupi mno, mita ya macho haiuoni wote. Kizuia-kilele kizime, kinakata ncha ya mpigo na relei inageuka kidole kinachogonga meza.

Shida itakuwa watu na chumba. Omba muda kabla ya kufunguliwa, rekodi dakika mbili za chumba mashine ikiwa imezimwa, utazihitaji wakati wa kuunganisha. Piezo abandike mtu wa makumbusho mwenyewe, kwenye fremu, kamwe si kwenye relei.

Ukienda Marekani, Computer History Museum ya Mountain View wana IBM 1401 zilizofufuliwa. Kule kazi ni printa ya 1403, mistari 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde, na kisoma kadi cha 1402, kadi 800 kwa dakika. Weka maiki pembeni kwenye stendi. Modeli ya N1 ya printa hiyo hujifungua kifuniko yenyewe karatasi zikiisha, na chochote kilicho juu yake kinaenda sakafuni.

FundiKoili

Naongeza moja kwa Mbuyu: beba redio ndogo ya AM. Mwaka 1975 Steve Dompier alichezesha muziki kwenye kompyuta ndogo ya Altair 8800 isiyo na spika yoyote. Redio iliyowekwa karibu ilikuwa inapokea uchafu wa saketi, na programu yake ilipanga uchafu huo kuwa nota. Tafuta sehemu isiyo na kituo kati ya 530 na 1600 kHz, rekodi kutoka tundu la hedifoni la redio.

Na anza kila faili kwa toni ya 1 kHz ya sekunde 10, uandike na muundo wa faili. Mwaka 1951 BBC walirekodi kompyuta ya Ferranti Mark 1 ya Manchester ikicheza muziki kwa programu ya Christopher Strachey, kwenye diski ya asetati. Kasi ya ukataji haikuwa sahihi, sauti zote zikahama. Mwaka 2016 Jack Copeland na Jason Long waliirekebisha kwa kuwa walijua mashine ile inaweza kutoa masafa gani na haiwezi yapi. Toni moja mwanzoni ingewamalizia kazi hiyo mapema.

Nasa_Mlio

Nimeandika yote. Piezo sita, DI moja, relei mbili za friji mbovu, soksi. Kuhusu F3 kuwa na matundu mawili tu: nianze na jozi ya omni au omni moja na piezo moja?

FundiMawimbi

Relei za friji angalia volti. Za 230 V zina waya mwembamba sana na mizunguko mingi, impidansi inakuwa kubwa mno kwa tundu la maiki na sauti za juu zinapotea. Tafuta za 12 au 24 V, za magari zinafaa.

Matundu mawili: saa ya kwanza jozi ya omni, ukiwa na subira ya kutafuta mahali. Saa ya pili omni na piezo kwenye raki ileile, faili moja, ili baadaye uweze kuteleza kutoka hewani hadi ndani ya bati bila mshono. Saa ya mwisho koili pekee, na hapo masikio yako yatakuwa yamechoka, koili haijali.